Kipande cha Kumi na Tano

Kisii, 9 Februari 1986

Shangazi yangu Bi Zuleikha,

Shikamoo. Nakushika miguu kutoka huku milimani, ambako mvua haingoji msimu. Hunyesha kila siku saa tisa alasiri, kama aliyeajiriwa. Mimi ni mzima, ila nina kikohozi cha baridi. Nisalimie mpangaji wako Kadzo na cherehani yake, na mumewe Lewa akija likizo kutoka kwenye mashamba ya chumvi huko Marereni. Usinicheke mwandiko. Mwaka mzima mkono wangu hushika chaki na kutoka kushoto kwenda kulia; leo nikikuandikia kwa herufi za Kiarabu ulizonifundisha, najiona kama niliyevaa kanzu nyuma mbele.

Sasa nikupe khabari ya kukuchekesha. Shuleni tuna mwalimu mwenzangu wa hesabu, jina lake Nyaboke, mtu makini sana. Juma lililopita aliwaletea wanafunzi wa kidato cha nne fumbo hili: keki ya duara iko mezani, na una kisu kilichonyooka. Umeruhusiwa kukata mara nne tu, kila mara toka ukingo hadi ukingo bila kupinda. Huruhusiwi kuvisogeza vipande wala kuvipandanisha. Je, kwa wingi kabisa utapata vipande vingapi? Si lazima vilingane. Darasa zima lilisema vinane, na darasa zima lilikosa.

Nikakukumbuka wewe. Nikasema, kuna mtu Malindi, mtaa wa Shela, aliyekata keki za harusi tangu sijazaliwa, huyo tumuulize. Jibu ninalo, lakini sikwambii.

Mwanao,
Abdillahi Uthman


Malindi, 2 Machi 1986

Mwanangu Abdillahi,

Marahaba, na Mola akutunze. Kikohozi hicho kichemshie tangawizi, utie na asali. Wala usitoke na kichwa kitupu mvua ikinyesha. Huku joto limetushika. Kisima cha uani kimeanza kuonja chumvi, twateka maji kwa jirani. Jirani yetu Bwanamkuu amemwoza bintiye, harusi ilijaa mpaka barazani. Keki sikuoka mimi safari hii. Nimechoka kupuliza makaa, nimewaachia wengine.

Fumbo lako limenikalia. Nilioka mkate wa mayai mmoja kwa ajili yake, nikakata kama ninavyowakatia wageni: visu vyote vinapita kitovuni. Vikatoka vinane, kama vya wanafunzi wenu. Nikajiuliza, ni nani aliyeamuru visu vyote vipite kitovuni? Pale katikati vinagombania mahali pamoja, na penye ugomvi hakuzaliwi kitu.

Basi sikiliza. Kisu hakikati keki, hukata vipande. Kila kipande ambacho kisu kimepita ndani yake huwa viwili. Kwa hiyo usihesabu visu, hesabu kisu kimepita vipande vingapi. Cha kwanza hupita kimoja, keki nzima, vyawa viwili. Cha pili huivuka njia ya cha kwanza, hupita viwili, vyawa vinne. Cha tatu kikizivuka njia zote mbili, lakini si pale zilipokutana, hupita vitatu, vyawa saba. Cha nne kikizivuka njia tatu hupita vinne, na jumla ni kumi na kimoja. Zaidi ya hapo usijisumbue, maana kisu kilichonyooka hakiwezi kuivuka njia moja mara mbili.

Kadzo alipata kipande chembamba kama ukucha, akaniuliza kama tumegombana.

Lakini mwambie huyo mwenzako kwamba swali lake lina ila. Kasema keki, kisha akauliza karatasi.

Akupendaye,
Zuleikha binti Mahadhi


Kisii, 23 Machi 1986

Shangazi,

Shikamoo tena, na safari hii naisema kwa kuinama zaidi. Kikohozi kimekwisha, tangawizi imefanya kazi yake.

Kumi na kimoja ndilo jibu. Lakini jibu si kitu. Kitabuni limo, na mtoto yeyote angeweza kuchungulia kurasa za nyuma. Kilichonishangaza ni njia. Nilisimama darasani nikaandika ubaoni maneno yako: *Kisu hakikati keki, hukata vipande.* Nikakaa chini. Wanafunzi wakayatazama. Mmoja wao akasema, «Mwalimu, mbona kitabu hakikusema hivi?» Nimesomea hesabu miaka mitatu chuo kikuu, na fumbo hili niliwahi kulifanya kwa alama na mabano, lakini sikuwahi kukiona kisu kikipita.

Nyaboke ameinakili barua yako katika daftari lake, nimemsomea kwa Kiswahili akaandika. Akaniuliza, «Shangazi yako alisoma wapi?» Nikasema sijui. Ni aibu, Shangazi. Miaka yote uliyonilea sikuwahi kukuuliza. Ni nani aliyekufundisha hesabu?

Na hiyo ila ya karatasi ni ipi?

Likizo ya Aprili sitaweza kuja. Kuna mkutano wa walimu wa hesabu Kisumu, mwalimu mkuu wetu Bwana Gerishom amenichagua niende na Nyaboke, na kila mmoja atatoa somo moja mbele ya wenzake. Nisamehe.

Abdillahi


Malindi, 6 Aprili 1986

Mwanangu,

Kazi ni ibada, sina la kukusamehe. Huku sote wazima. Lewa amerudi kutoka Marereni miguu imechanika kwa chumvi, Kadzo anamkanda kwa mafuta ya nazi. Mvua za kwanza zimepiga paa, nimeona linavuja mahali pawili.

Umeuliza nani alinifundisha. Marehemu baba yako alikuwa akirudi kutoka shule anatandaza vitabu ukumbini na kusoma kwa sauti. Mimi nilikuwa uani naosha vyombo. Mlango ulikuwa wazi.

Sasa hiyo ila. Karatasi haina kimo, keki inacho. Mwokaji akitaka kutia jamu katikati huipasua keki ubapa kwa uzi, ikawa ya juu na ya chini. Basi na mimi nimekiruhusu kisu kilale. Nilianza na vile vitatu vya wima, vikatoa saba. Cha nne nikakilaza ubapa: saba juu, saba chini, kumi na vinne. Nikadhani nimefika, nikatulia siku tatu.

Siku ya nne nafua nguo, nikahisi nimejidanganya. Visu vitatu vyaweza kutoa vinane, si saba: viwili vya wima kama msalaba na kimoja cha ubapa, kila mwokaji anajua. Mbona basi vyangu vitatu vilinipa saba nami nikaridhika? Nikaona ni kwa sababu vyote vimesimama wima kama nguzo, na nguzo tatu hazikutani. Nikaviinamisha kila kimoja kuelekea wenzake, kama kuta tatu za hema zinavyoegemeana, mpaka vikakutana mahali pamoja ndani kwa ndani. Hapo vikatoa vinane. Kisha cha nne nikakilaza chini kidogo ya pale vilipokutana. Kikavivuka vitatu vyote, na kisu kinachovuka vitatu hupita vipande saba. Vinane na saba ni kumi na tano.

Kile cha kumi na tano kiko katikati kabisa. Kina pembe kama sambusa iliyonona. Hakina ganda juu, hakina chini, hakina ubavuni. Anayeitazama keki kwa nje hawezi kujua kama kimo.

Keki huvunjika, na mayai si ya kuchezea. Nimetumia mche wa sabuni na mshipi wa kuvulia, maana sabuni mbichi haimeguki. Nimevitenganisha juu ya sinia kimoja kimoja, nikavihesabu kwa vidole mara nne. Kadzo anafulia vipande mpaka leo.

Zuleikha


Kisii, 18 Mei 1986

Shangazi mpenzi,

Ramadhani njema. Huku waislamu ni wachache, twafuturu watu watano kwa mwenye duka la vitambaa, na uji wa wimbi si haba. Mfungo wa milimani ni mwepesi kwa kiu, mzito kwa njaa.

Mkutano wa Kisumu ulikwenda vizuri. Lile suala la keki nililieleza, likapendwa mno. Bwana Gerishom amefurahi. Nyaboke ana shughuli nyingi siku hizi, hatuonani sana.

Nina maswali, na nataka uyajibu. Barua yako ya mwisho, mistari imeteremka kama iliyoshuka ngazi, na herufi zimekuwa kubwa kubwa. Waandika wapi, gizani? Taa ya ukumbini imeharibika? Na mbona harusi ya Bwanamkuu hukuoka wewe, mtu ambaye hujawahi kumwachia mwingine harusi ya Shela? Paa limezibwa? Nijibu moja moja.

Abdillahi


Malindi, 10 Julai 1986

Kwa Abdillahi,

Shangazi yako anakusalimu sana. Barua hii anasema yeye, naandika mimi Kadzo, kwa herufi za shule. Anasema mkono unamuuma kidogo ndiyo maana.

Anasema Idd ilikuwa nzuri, watu walikuja, kulikuwa na mahamri na biriani. Anasema barua yako imefika na amefurahi kwa yote uliyoyaandika. Anasema jirani Bwanamkuu amepata mjukuu kwa mwanawe wa kwanza. Anasema kula vizuri. Anasema Agosti kama una kazi usijisumbue kuja, nauli ni mbali.

Hapo amemaliza kusema, na ameniambia nifunge bahasha. Haya ya chini ni yangu mimi, yeye hajui kama nayaandika.

Kaka Abdillahi, shangazi yako haoni. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jicho moja liliingia ukungu tangu mwaka juzi, la pili limefuata kidogo kidogo tangu mwezi wa kwanza. Alianza kuunguza mikate akasema makaa mabaya. Ile sabuni aliikata kwa kupapasa. Nilimkuta uani amefumba macho kabisa, amefunga mshipi kwenye vidole, nikamwuliza kwa nini anafumba, akasema, «Yakiwa wazi yananichanganya.» Barua yako ya mwezi wa tano iko chini ya mto wake, haijasomwa. Mimi herufi zile sizijui na yeye hataki aitwe mtu wa kumsomea. Daktari wa hospitali alisema ni kupasua Mombasa, shangazi yako akasema ataenda, hakwenda. Anaogopa, lakini ukimwambia nimesema anaogopa nitahama.

Kadzo


Kisii, 27 Julai 1986

Shangazi yangu,

Barua ya Kadzo imefika. Usimgombeze. Shule inafunga tarehe nane Agosti. Siku ya tarehe kumi nitakuwa mlangoni kwako, na tutakwenda Mombasa pamoja, utake usitake.

Nakuandikia kwa herufi zetu, na najua huwezi kuzisoma. Kadzo naye hawezi. Labda ndiyo sababu nimepata ujasiri wa kuandika.

Kule Kisumu nilitoa somo la vipande kumi na vitano. Nilikata sabuni mbele ya walimu themanini, kama ulivyonieleza. Nilipokitoa kile kipande cha katikati na kukiinua, watu walisimama. Mkaguzi mmoja mzee, mtu wa kuheshimiwa, akauliza, «Kijana, hii umeipata wapi?» Jina lako lilikuwa mdomoni, wallahi. Nikasema, «Nilikaa nayo mwenyewe wakati wa likizo.»

Sijui kwa nini. Nilikuwa nimezungukwa na watu waliosoma kunizidi, wananitazama kama hawajawahi kunitazama. Nyaboke alikuwa kiti cha pili. Alinigeukia, akanitazama. Tangu siku ile chai anakunywa meza nyingine.

Jarida la walimu limechapisha somo hilo, na juu yake jina langu. Bwana Gerishom amependekeza niwe mkuu wa walimu wa hesabu wa wilaya nzima. Kila anayenipongeza nasema asante. Nilikuwa nikijiambia, Shangazi hatajali, yeye alikuwa akicheza tu kule uani. Kisha nikasoma kwamba ulikuwa umefumba macho. Wewe ulikiona kipande kile kwa vidole, mahali ambapo mimi mwenye macho mawili na shahada nisingetia hata mkono, nami nikakitia mfukoni.

Nimeandika karatasi tatu, nimechana, nimeandika tena. Nisamehe kama waweza.

Abdillahi


Kisii, 7 Septemba 1986

Shangazi,

Nimefika salama. Naandika kwa herufi za shule, Kadzo akusomee. Dawa ya matone ni mara tatu kwa siku, si mara mbili, Kadzo anajua. Usiiname kunyanyua ndoo. Miwani daktari alisema itakuwa tayari baada ya majuma sita, Lewa atapitia Mombasa kuichukua.

Sina khabari nyingine.

Abdillahi


Malindi, 19 Oktoba 1986

Mwanangu Abdillahi,

Hizi ni herufi zangu, kwa mkono wangu, mbele ya jicho langu. Miwani imekuja Jumatano. Vioo vinene kama kitako cha glasi, na Kadzo anasema nafanana na bundi. Nimemwambia afadhali bundi anayeona. Nimeona nyufa za ukuta, nimeona mvi zangu, nimeona paa halikuzibwa hata tundu moja. Jicho la pili daktari amelipangia Januari, na safari hii nitakwenda bila kuvutwa mkono.

Kitu cha kwanza nilichosoma ni barua yako ya mwezi wa tano, yenye maswali. Nikasema, maskini, aliuliza yote na hakujibiwa moja. Ya pili ilikuwa ya tarehe ishirini na saba Julai.

Siku ilipofika waikumbuka. Ilichelewa njiani, wewe mwenyewe ulikuwa umeshafika, tumesharudi kutoka Mombasa, umekaa ukingoni mwa kitanda changu nami jicho limefungwa bandeji. Kadzo akaileta akasema, «Hii ya herufi zenu.» Nikakupa nikasema, «Nisomee.» Nikasikia karatasi ikifunguka. Kisha ukanisomea khabari ya mvua, na mahindi, na salamu za mwenye duka. Nikasema, «Mbona fupi?» Ukasema, «Nilikuwa na haraka, Shangazi.» Lakini bahasha nilikuwa nimeishika mimi kabla yako, na vidole vyangu wavijua. Zilikuwa karatasi tatu.

Nikazichukua kwako, nikakaa majuma manane na karatasi hizo chini ya mto. Ningeweza kumwita imamu anisomee. Nikasema hapana. Kama ni jambo ambalo mwanangu hawezi kuniambia uso kwa uso, basi nitalisoma mwenyewe au lisisomwe.

Sasa nimelisoma. Nikueleze nilichokasirikia, usije ukakosea. Kusema uongo mbele ya wakubwa, kijana aweza kuteleza. Hofu ya watu ni kitu kibaya. Lakini kunisomea uongo mimi, sina jicho, karatasi iko mkononi mwako na kweli yote imeandikwa juu yake, hilo limeniliza. Nililia kwa jicho jipya, na daktari alikataza.

Wafikiri nitakwambia, chukua mwanangu, chako ni changu. Sitasema hivyo. Kile ni changu. Maisha yangu nimeoka kwa harusi za watu, nimesikiliza masomo ya watu kutoka uani, na hata wewe niliyekulea nilikulea kwa niaba. Sinung'uniki, nilipenda kila siku ya hayo. Lakini kile kipande nilikitafuta peke yangu, gizani, wakati ambapo kila nikishikacho kilikuwa kinaniponyoka, na nilipokipata nilikaa sakafuni nikacheka mpaka Kadzo akaja mbio. Hicho sikupi.

Waandikie. Uandike Zuleikha binti Mahadhi, wa Malindi. Usiandike «shangazi yake mwalimu».

Kisha uje nyumbani wakati wowote, mlango wako uko palepale.

Zuleikha binti Mahadhi


Kisii, 30 Novemba 1986

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikaisoma tena. Siku hiyohiyo niliwaandikia wa jarida. Lakini nikaona jarida halitoshi, maana uongo niliusema kwa mdomo.

Mkutano wa pili ulikuwa tarehe ishirini na mbili, Kisumu, ukumbi uleule. Nilimwomba mwenyekiti dakika tano. Nikasimama nikasema, «Mwezi wa Aprili niliwaonyesha keki ya vipande kumi na vitano, na nikawaambia nimeipata mwenyewe. Nilisema uongo. Mwenye kuipata ni Zuleikha binti Mahadhi, wa Malindi, na aliipata akiwa haoni.» Kisha nikawasomea barua yako ya Aprili, neno kwa neno, pamoja na sabuni na mshipi.

Yule mkaguzi mzee akauliza, «Mama huyu anafundisha shule gani?»

Nikasema, «Hakuwahi kukaa darasani. Alisikiliza kupitia mlango, akiosha vyombo.»

Mzee akavua miwani, akaifuta. Halafu akasema, «Miaka thelathini nakagua madarasa. Sikuwahi kukagua mlango.»

Nyaboke akasimama. Akasema, «Mimi nilijua tangu Aprili, kwa sababu namna ya kufikiri ya mama huyu ninayo daftarini. Nilikuwa namngoja mwenzangu aseme. Nami nina kosa la kungoja.» Kisha akaenda ubaoni akawaeleza lile neno lako la kisu na vipande, na alilieleza vizuri kuliko nilivyowahi.

Tulipofika getini shuleni Bwana Gerishom akasema, «Hilo ungelisema Aprili ungekuwa mtu mkubwa. Leo wewe ni mtu mkweli. Nenda kalale.» Ukuu wa walimu wa wilaya amepewa Nyaboke, na ni haki yake. Kuna walimu ambao sasa wananipita bila salamu. Nimekubali. Jana asubuhi Nyaboke alileta birika la chai kwenye meza yangu, akamimina vikombe viwili, akaanza kusahihisha madaftari kama kawaida.

Walimu wamenituma swali. Wamebishana siku nzima hawakuafikiana: visu vitano je?

Disemba yote nitakuwa Nairobi kusahihisha mitihani ya taifa. Januari nitakuwa Mombasa pamoja nawe kwa jicho la pili, ruhusa nimeshaiomba.

Abdillahi


Malindi, 1 Februari 1987

Mwanangu,

Tangu uondoke jicho la pili limetulia, halitoki tena machozi. Lewa amepanda juu ya paa, tundu mbili zimezibwa na ya tatu ameitoboa yeye. Juzi nimeoka mkate wa mayai, wa kwanza tangu ule wa fumbo lako, na haukuungua hata chembe. Kadzo alikula nusu.

Waambie walimu ni ishirini na sita. Wasibishane. Kisu cha tano kikishapita, funua keki pale kilipopita utazame uso wake: utaona njia nne za visu vilivyotangulia, zimechorwa kama kwenye karatasi, na njia nne kwenye karatasi zatoa kumi na moja. Basi kisu hicho kimepita vipande kumi na kimoja. Viongeze juu ya kumi na tano. Cha sita wajitafutie wenyewe, si kila kitu niwatafunie mimi.

Jarida lenu limefika jana kwa posta. Wajua herufi za kizungu sikuwahi kufunzwa. Tangu Disemba nimekuwa nikienda na Kadzo kwenye darasa la watu wazima, jioni mbili kwa juma. Tumefika kwenye silabi. Nililiweka jarida mezani ukumbini, nikavaa miwani, nikamwambia Kadzo anionyeshe mahali penyewe. Akaweka kidole. Nikamwambia, «Sasa ondoa kidole, na usinisaidie.»

Nilisoma polepole, herufi moja baada ya nyingine. Kwa herufi zetu, Zuleikha ni herufi tano tu, jina linakwisha kabla hujaliona. Hizi nikazihesabu, ni nane. Halafu binti. Halafu Mahadhi, nayo inaendelea mpaka karibu na ukingo wa karatasi. Kadzo akaniuliza nimeona nini.

Nikamwambia sikujua kama jina langu ni refu hivi.

Zuleikha binti Mahadhi